ALTEZZA, MVUA NA THELUJI: MWONGOZO WA GARI ZA KUVUTA NYUMA

Mvua zikianza ndio watu wanagundua kitu ambacho kiangazi kilikuwa kimekificha: gari ya kuvuta nyuma ina tabia zake. Haya hapa ni mambo ya msingi kwa anayeendesha na anayejipanga kununua. Ndugu zetu walioko kwenye baridi ya Ulaya nao hatujawasahau.

GARI YENYEWE
Toyota Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikauzwa huko mpaka 2005. Nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kuna AS200 yenye silinda sita, na RS200 ya silinda nne, ambayo ya gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210. Zote injini ni lita 2. Kwenye ukoo huo wa kuvuta nyuma utakuta pia Mark II, Chaser na BMW 3 Series nyingi.

KWA NINI MKIA UNACHEZA
Tairi za mbele zinakata kona, za nyuma zinasukuma. Injini iko mbele, kwa hiyo nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu katikati ya kona yenye maji, tairi za nyuma zinashindwa kusukuma na kushika barabara kwa wakati mmoja, mkia unatoka. Na ukishtuka ukaachia mafuta ghafla, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana uzito unakimbilia mbele na nyuma inazidi kuwa nyepesi. Kila kitu kifanyike taratibu: mafuta, breki na usukani.

TAIRI KWANZA
Hapa ndipo wengi wanaumia. Gari ikitoka Japani inaweza kuja na tairi za theluji. Ukizitazama unaona zina meno mengi, unafurahi. Tazama ubavuni: kama imeandikwa STUDLESS, au kuna alama ya mlima wenye chembe ya theluji, hiyo mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye joto letu inaisha haraka, na kwenye lami yenye maji haishiki kama tairi ya kawaida. Badilisha.

Angalia na umri. Ubavuni, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Tairi ikilika mpaka usawa wa vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6 na imekwisha. Kwa mvua usisubiri ifike huko, badilisha ikibaki milimita 3.

Ukiwa na hela ya tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma.

KWENYE MVUA
- Mvua ya kwanza baada ya jua kali ni hatari sana, maana vumbi na oili vinachanganyika na maji barabarani.
- Punguza mwendo kabla ya kona, gari ikiwa imenyooka.
- Acha nafasi mbele. Spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki unakuwa kama mara nne.
- Ukiingia kwenye maji na usukani ukawa mwepesi ghafla, gari inaelea. Shika usukani wima, achia mafuta polepole, usikanyage breki.
- Mteremko kama Kitonga, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Kushusha gia kwa kishindo katikati ya kona kunaweza kufunga tairi za nyuma.

IKISHATELEZA
Tazama unakotaka kwenda, sio mtaroni. Peleka usukani upande huo, legeza mguu wa mafuta taratibu. Handbreki usiiguse. Gari ikishika tena, rudisha usukani haraka, la sivyo mkia unakurushia upande wa pili.

KWENYE THELUJI
Aliyeko Ujerumani ajue kwamba tangu 2010 sheria inadai tairi za baridi barabara ikiwa na theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 zinazokubalika ni zenye alama ile ya mlima na chembe ya theluji. Huko studless ndio mkombozi, kwa sababu tairi ya kawaida inakuwa ngumu joto likishuka chini ya nyuzi 7. Ziwe zote nne, sio mbili. Minyororo ikihitajika, kwenye gari hizi inafungwa nyuma. Kuondoka tumia gia ya pili na mguu mwepesi. Na darajani barafu inaanza mapema kuliko barabara nyingine.

Baadhi ya Toyota za otomatiki zina kitufe cha SNOW. Kazi yake ni kuondoa gari kwa gia ya pili ili tairi zisizunguke bure. Hata kwenye tope letu kinasaidia, ila breki hakiongezi.

Wadau, kabla ya kununua rimu na spika, nunua tairi. Rimu haikusimamishi mbele ya mtoto anayevuka barabara kwenye mvua. Mwenye gari ya kuvuta nyuma atuambie anapitaje masika, na fundi mwenye nyongeza amwage hapa chini.