Chumvi ya Ivuna na Historia ya Utafiti wa Rovu Kusini Magharibi mwa Tanzania

Uzalishaji wa chumvi Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, umeanza karne nyingi kabla ya kuanzishwa kwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Uchimbaji wa kiakiolojia wa Brian Fagan na John Yellen, ambao matokeo yake yalichapishwa 1968, uliurejesha hadi takribani karne ya 13. Udongo wa chumvi ulichujwa kwa maji, kisha maji hayo yakachemshwa hadi chumvi ikabaki. Kazi hiyo imechunguzwa zaidi kama historia ya biashara. Nafasi yake katika historia ya tiba haijapewa uzito unaostahili.

Uhusiano wa chumvi na tiba unatokana na rovu. Mwaka 1965 Michael Latham alichapisha uchunguzi kutoka Ukinga, katika milima iliyo kusini mashariki mwa bonde hilo, ulioonyesha kwamba takribani watu watatu kati ya wanne walikuwa na uvimbe wa tezi ya shingo. Katika nchi ya milima, mvua huosha madini joto kutoka udongoni, na mazao huyakosa. Tezi isiyoyapata hutanuka; mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huweza kudhurika kwa namna isiyotibika.

Katika miaka ya 1980 maeneo yaliyoathirika sana yaligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Baadaye ilichaguliwa chumvi, kwa kuwa hutumika karibu kila kaya, na kuanzia 1995 kanuni zililazimisha iongezwe madini hayo. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ulikuta rovu kwa takribani asilimia 7 ya wanafunzi, kutoka asilimia 25 miaka ya 1980.

Mafanikio hayo yalibadili maana ya chumvi bora. Kuchemsha hakuongezi madini joto, na ulimi hauwezi kuyatambua. Mzalishaji mdogo alitakiwa sasa kupata kemikali, kuichanganya kwa kipimo na kuhifadhi chumvi pakavu. Kumwondoa sokoni bila kumwezesha kutimiza hayo kunampokonya riziki, na hakumhakikishii mtoto kinga. Historia ya utafiti wa rovu, kwa hiyo, haiishii kwa daktari aliyepima shingo. Inamhusu pia mchemsha chumvi, ambaye sheria ilimkabidhi sehemu ya kazi ya tiba.