Dawa ya mama, ugonjwa wa binti
Mwaka 1938 Charles Dodds wa Uingereza na wenzake walitengeneza dawa iitwayo dietilistilbestroli. Huko Marekani waganga wakawapa wanawake wenye mimba, ili mimba zao zisiharibike. Mwaka 1953 waganga wa Chicago waliipima, wakaona haisaidii kitu. Tena wengine wakazidi kuitoa, nasi twasikitika. Baadaye mjini Boston wasichana wakaugua kansa ya uke, ugonjwa ulio nadra kabisa kwa umri wao. Nani aliwafumbua macho waganga? Mama mmoja tu, aliyeuliza kama si ile dawa aliyoimeza zamani. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake waliandika habari za wagonjwa 8. Mama zao 7 walikuwa wameimeza. Mwaka uleule serikali ya Marekani ikawaonya waganga wasiwape wenye mimba. Ufaransa ilingoja hata 1977.