Maarifa ya Mwili na Mamlaka ya Jukwaa: Historia ya Kinga ya Majeraha katika Dansi ya Baleti, 1661–1990

1.0 Utangulizi

Baleti ilianza kupata sura ya taaluma nchini Ufaransa mwaka 1661, Mfalme Louis XIV alipoanzisha Académie Royale de Danse jijini Paris. Chama cha kimataifa kinachoshughulikia tiba na sayansi ya dansi, International Association for Dance Medicine and Science, kiliundwa mwaka 1990. Kati ya matukio hayo mawili kuna miaka 329. Ni rahisi kudhani kwamba pengo hilo lilitokana na ujinga, yaani walimu wa kale hawakuujua mwili waliokuwa wakiufunza. Insha hii inapinga dhana hiyo. Hoja yake ya msingi ni kwamba sehemu muhimu ya maarifa ya kinga ilikuwepo mapema, lakini mamlaka ya kuamua kama maarifa hayo yatumike yalibaki kwa jukwaa. Wahenga wanasema kinga ni bora kuliko tiba. Hata hivyo, historia ya baleti inaibua swali la nani mwenye uwezo wa kuiamuru kinga hiyo.

2.0 Nyonga na Onyo la Noverre

Msingi wa baleti ni kuigeuza miguu ielekee nje. Mikao mitano ya miguu, ambayo kupangwa kwake kunahusishwa na Pierre Beauchamp katika karne ya 17, yote inadai mgeuko huo. Kianatomia, mgeuko salama huanzia kwenye kiungo cha nyonga. Kiasi chake hutegemea mwelekeo wa kikombe cha nyonga, pembe ya shingo ya fupa la paja na unyumbufu wa ligamenti zilizo mbele ya kiungo. Mambo mawili ya kwanza ni ya umbo la mfupa, na mazoezi hayawezi kuyabadilisha kwa mtu mzima. Mchezaji ambaye nyonga yake haitoshelezi hufidia kwa kuzikaza nyayo sakafuni na kuzilazimisha zigeuke. Hapo goti, ambalo kazi yake kuu ni kukunja na kunyoosha mguu, hupokea msokoto lisioumbiwa, upinde wa wayo hulala, na kiuno hubonyea kupita kiasi.

Jean-Georges Noverre aliliona tatizo hilo. Katika barua zake kuhusu dansi, zilizochapishwa mwaka 1760, alisisitiza kwamba mgeuko hutoka nyongani, kwamba mwalimu anahitaji elimu ya anatomia, na kwamba chombo kilichotumika kuzigeuza nyonga kwa nguvu kililemaza badala ya kusaidia. Hata hivyo, vizazi vilivyofuata vilimkumbuka zaidi kama mwanamageuzi wa utungaji wa baleti ya kisimulizi kuliko kama mtetezi wa viungo vya wanafunzi.

3.0 Ncha za Vidole na Moto

Mwaka 1832, Marie Taglioni alicheza La Sylphide jijini Paris, na kusimama kwenye ncha za vidole kukawa lugha ya baleti ya kimahaba. Viatu vyake vya satini havikuwa na kichwa kigumu. Viliimarishwa kwa kushonwa nyuzi pembeni na nchani, hivyo mzigo mkubwa ulibebwa na misuli ya wayo na ya shavu la mguu. Viatu vilipozidi kukakamazwa baadaye katika karne hiyo, madai ya ufundi nayo yalipanda. Pierina Legnani alipozunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika baleti ya Ziwa la Swani mjini St Petersburg mwaka 1895, ustadi wa mtu mmoja uligeuka kipimo cha waliomfuata. Gharama yake ilikuwa kwenye kano inayokunja kidole gumba cha mguu, ambayo hupita nyuma ya kifundo na kusuguliwa kila mchezaji anapoinuka.

Mfano mzito zaidi ni wa Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni. Wakati wake tayari kulikuwa na njia ya kutibu vitambaa ili visishike moto kwa urahisi, lakini njia hiyo ilikakamaza sketi na kuondoa wepesi wake. Livry aliikataa. Tarehe 15 Novemba 1862, akiwa kwenye mazoezi katika Opera ya Paris, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi. Alifariki mwezi Julai 1863, kabla ya kutimiza miaka 21. Si haki kuuita uamuzi huo uzembe wa binti mmoja, kwa kuwa thamani yake machoni pa hadhira ilitegemea wepesi uleule.

4.0 Tabibu Aingia Chumba cha Mazoezi

Katika karne ya 20 maarifa yalianza kupata wasemaji wake. Mtaalamu wa fiziotherapia Celia Sparger alichapisha nchini Uingereza mwaka 1949 kitabu cha anatomia kwa walimu wa baleti. Kuanzia miaka ya 1970, William Hamilton, daktari wa mifupa, alilihudumia kundi la New York City Ballet. Mwaka 1986, utafiti wa Michelle Warren na wenzake kuhusu wachezaji 75 ulionyesha kwamba asilimia 24 walikuwa na uti wa mgongo uliopinda na asilimia 61 walikuwa wamewahi kuvunjika mfupa. Matatizo hayo yalihusishwa na kuchelewa kuvunja ungo, na kwa hiyo na upungufu wa homoni zinazoimarisha mifupa. Jeraha halikuwa tena suala la hatua iliyokosewa tu; lilifika hadi kwenye sahani ya chakula na kwenye umbo jembamba lililopendelewa na wachaguzi wa wachezaji.

5.0 Hitimisho

Nyonga iliyolazimishwa, sketi isiyotibiwa na mwili ulionyimwa chakula vina muundo mmoja: hatari ilijulikana au iliweza kujulikana, lakini aliyeibeba hakuwa ndiye aliyeweka kipimo cha uzuri. Kwa hiyo, mafanikio ya tiba ya dansi hayapaswi kupimwa kwa wingi wa maarifa pekee. Yapimwe pia kwa swali hili: daktari anaposema mchezaji apumzike, je, mchezaji huyo anaweza kutii bila kupoteza nafasi yake?