Mastaa Wasio na Majina: UMISSETA, Mwanza na Madogo Tuliowasahau

Wadau, kila aliyesoma sekondari Kanda ya Ziwa ana stori ya jamaa mmoja. Winga wa kushoto, daluga za kuazima, mabeki wanamuona kama jini. Muulize msimuliaji jina kamili la huyo mtu, kimya. Utaambiwa "yule dogo wa Ukerewe" au "yule mfupi wa Sengerema". Muulize yuko wapi siku hizi, ndo kabisaa.

Leo ni zamu yao, kwa sababu kupotea kwao kuna historia.

Jukwaa lao lilikuwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wadogo zao wa shule za msingi wana UMITASHUMTA. Humo kuna netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, riadha, mpaka kwaya na ngoma. Ila tusidanganyane, soka ndiyo inayojaza watu pembeni ya uwanja.

Safari inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, halafu taifa. Kwa dogo wa Ukerewe hiyo ni safari kweli: unapanda meli Nansio, unashukia Mwanza mjini. Wa Sengerema walisubiri pantoni pale Busisi, maana daraja la kwenda Kigongo limefunguliwa 2025 tu. Mtu anavuka ziwa na jezi kwenye mfuko wa rambo ili acheze dakika 60 au 70 tu, labda aonekane.

Sasa majina yanapoteaje? Ukishachaguliwa kutoka wilayani, shule yako imebaki nyuma. Unaitwa "timu ya mkoa". Enzi fainali zinapigwa Kibaha ilikuwa kubwa zaidi, timu zilikuwa za kanda. Dogo wa Mwanza alivaa jezi moja na wa mikoa mingine ya kanda. Kwenye matokeo inaandikwa Kanda ya Ziwa imeshinda. Nani kafunga? Ziwa.

Wenzetu Kenya na Uganda shule yenyewe ndiyo inapanda mpaka juu. Ndiyo maana Kakamega High na St. Mary's Kitende ni majina makubwa Afrika Mashariki nzima. Kijana akisema "nilicheza Kitende", skauti anajua mlango wa kugonga. Wetu anasema "nilicheza mkoa". Mkoa hauna rejista ya darasa. Mkoa hauna mwalimu wa zamu atakayesema huyu namkumbuka, alikaa dawati la nyuma.

Halafu kuna mamluki. Hili kila mtu analijua, ila huwa tunalicheka. Timu inataka kushinda, inaokota kijana wa mtaani au wa shule nyingine, anapewa jina la mwanafunzi halali. Tunasema wamechakachua, tunapita. Mfikirie huyo kijana sasa. Amefunga mabao, watu wamemshangilia, mtu kaandika jina kwenye daftari, na hilo jina si lake. Kesho akitafutwa, anayepigiwa simu ni mwingine asiyejua hata kupiga danadana. Na yule mwenye jina naye kapoteza nafasi yake kwenye kikosi. Wawili wameliwa, kombe limeenda ofisini.

Kuna pigo jingine kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya shule. Hoja ilikuwa michezo inakula muda wa masomo. Yalikuja kurudi miaka kadhaa baadaye. Hesabu mwenyewe: sekondari ya kawaida ni miaka minne. Kuna watu waliingia kidato cha kwanza na kumaliza cha nne bila kuona fainali hata moja. Hao hatuna hata stori zao za kutia chumvi, wamebaki na chandimu za mtaani.

Miaka hiyo hiyo Pamba, timu ya Mwanza iliyokuwa bingwa wa Tanzania 1990, ilikuwa imeshuka daraja. Ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka iliporudi msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji. Sisemi moja limezaa lingine. Nasema tu dogo wa Kirumba au Igoma wa kipindi kile hakuwa na ngazi ya shule, wala timu kubwa ya nyumbani ya kuitolea macho.

Mambo yalichangamka tena. Mwaka 2017 na 2018 fainali za taifa zilikuja Mwanza kwenyewe, Butimba na Nsumba. Mikoa yote ikatua kwetu. Na msimu wa 2018/19 Alliance, timu iliyotokana na shule ya hapa hapa, ikacheza Ligi Kuu. Dada zao Alliance Girls nao wakacheza ligi kuu ya wanawake. Cheki tofauti: pale shule ilibaki na jina lake, na vijana wake wakajulikana wametoka wapi.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo ukisoma hapa, fanya kitu kimoja. Orodha ya kikosi iandike majina kamili, ya kweli, yenye shule na mwaka, uitunze. Haina gharama, ni karatasi na kalamu. Skauti akija miaka miwili baadaye, atakuwa na pa kuanzia.

Na wewe uliyecheza ukavuka ziwa na jezi yako, njoo chini hapa kwenye komenti. Mkoa gani, mwaka gani, namba ngapi mgongoni. Na safari hii weka jina lako mwenyewe.