Uondoaji wa alama za kuzaliwa

Uondoaji wa alama za kuzaliwa ni tiba ya kufifisha au kukata mabaka na vivimbe vya ngozi ambavyo mtoto huzaliwa navyo au huota wiki chache baadaye. Tiba hufuata aina ya alama, na nyingi hazihitaji kuguswa. Mabaka ya samawati ya mgongoni na matakoni, ya kawaida sana kwa watoto wa Kiafrika na Kiasia, kwa kawaida hufutika yenyewe utotoni.

Hemanjioma, uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu, hukua kasi miezi ya mwanzo kisha hunywea kwa miaka. Mara nyingi kusubiri kunatosha. Ukikaribia jicho, mdomo au njia ya hewa, kusubiri ni hatari: mtoto apelekwe hospitali mapema. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwemo Christine Léauté-Labrèze, waliripoti kwamba propranololi, dawa ya moyo, iliufifisha uvimbe huo kwa mtoto aliyepewa kwa sababu ya moyo wake. Leo ndiyo dawa ya kwanza, na kwa kawaida hutumika miezi 6 au zaidi. Mtoto anyonye au ale kila anapopewa, kwa kuwa sukari ya damu inaweza kushuka.

Baka la rangi ya mvinyo halinywei. Hukolea na kunenepa kadiri umri unavyosonga. Likiwa kwenye paji la uso au kope, macho yapimwe presha. Hutibiwa kwa leza ambayo mwanga wake, wa takriban nanomita 595, hunyonywa na damu na kuunguza mishipa midogo. Huhitaji awamu nyingi, na mara nyingi baka hupungua bila kuisha. Baada ya kila awamu ngozi huwa ya zambarau kwa wiki 1 hadi 2. Isikunwe, na ikingwe jua.

Kwenye ngozi nyeusi kuna tahadhari ya ziada, nayo isipuuzwe: melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo hunyonya mwanga wa leza, hivyo ngozi inaweza kuungua au kubaki na madoa meupe au meusi. Mtaalamu makini huipoza ngozi na kujaribu sehemu ndogo kwanza. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, si mbadala wa leza: haufiki kwenye mishipa ya damu ya baka. Huiharibu ngozi.

Alama nyeusi zenye nywele hukatwa kwa upasuaji, kubwa zikiondolewa kwa hatua. Mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba) katika familia amwambie daktari kabla ya kukatwa.