UPS na Miaka ya Mgao

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi masharti hayo kulegezwa. Kompyuta zilipoanza kuonekana kwenye stesheneri, ofisi ndogo na hatimaye sebuleni katika miaka ya tisini, zilikuta nchi iko katika kipindi kigumu. Mwaka 1992 na tena 1994 maji yalipungua mabwawani, na ratiba ya mgao wa umeme ikawa ndiyo ratiba ya maisha mijini.

Umeme wa gridi wakati huo uliutegemea sana Mto Ruaha Mkuu. Bwawa la Mtera lilihifadhi maji na kuzalisha megawati 80, kisha maji yaleyale yakashuka hadi Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204. Mvua zikikosekana, vituo vyote viwili viliumia pamoja. Mwaka 2006 mgao ulirudi kwa ukali, ukazaa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na sakata la mkataba huo likamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Ni katika miaka hiyo ya giza ambapo UPS, kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme ule wa gridi unapokatika, ilipata makao chini ya meza za Watanzania.

Mwenye stesheneri aliihitaji kuliko wengi. Mwanafunzi analipia kuchapiwa tasnifu, kurasa kadhaa hazijahifadhiwa, mara umeme unakatika. Kazi imepotea na mteja amesimama palepale kaunta. Umeme ukirudi, Windows 98 ilianza kwa kukagua diski kabla ya kumruhusu mtu kufanya lolote, na kuna siku ukaguzi ulionyesha kwamba faili zima limeharibika. Ghafla dakika kumi za umeme wa betri zikawa na thamani ambayo mfanyabiashara aliweza kuihesabu kwa shilingi.

Lakini kifaa chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya watu wenye shida nyingine. IBM ilitoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981. Mwaka huohuo, jimboni Massachusetts nchini Marekani, wahandisi watatu waliotoka maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT walianzisha kampuni ya American Power Conversion, inayojulikana zaidi kama APC, wakikusudia kuendeleza umeme wa jua. Bei ya mafuta ikashuka, fedha za serikali kwa ajili ya sola zikakauka, na mwaka 1984 wakageukia UPS za kompyuta. Mteja waliyemlenga alikatikiwa umeme kwa sekunde au dakika chache, radi ikipiga au mti ukiangukia nyaya. Alitaka muda wa kuhifadhi kazi yake na kuzima mashine kwa utaratibu, basi. Hiyo ndiyo kazi ambayo UPS ndogo huifanya vizuri hadi leo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki walipokosea hesabu: walinunua kifaa cha kuzimia kompyuta wakidhani wamenunua kifaa cha kufanyia kazi gizani.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Ukifungua UPS ya kawaida ya VA 650 utakuta transfoma, bodi ya saketi na betri moja nyeusi ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 7 (Ah 7), nzito kuliko inavyoonekana. Volti 12 mara 7 ni wati-saa 84. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo kizito cha zamani vingeweza kula wati 150, kwa hiyo kwenye karatasi betri hiyo ingedumu nusu saa. Kwa vitendo haikufika, kwa sababu betri ya risasi na asidi ikinyonywa haraka hutoa pungufu ya kilichoandikwa ubavuni, na umeme mwingine hupotea wakati wa kugeuzwa. Dakika kumi au kumi na tano, kisha mlio mfululizo, kisha kimya. Na ile VA 650 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi haisemi lolote kuhusu muda. Inaeleza ukubwa wa mzigo tu, na wati zake halisi mara nyingi hazifiki 400.

Betri nayo ilikuwa na historia ndefu kuliko kompyuta. Mfaransa Gaston Planté aliunda ya kwanza ya risasi na asidi mwaka 1859, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Wajerumani wa kampuni ya Sonnenschein wakaigandisha asidi iwe kama uji mzito, betri ikaweza kufungwa bila kuhitaji kuongezwa maji. Bila hatua hiyo hakuna ambaye angekubali kuiweka chini ya meza anapokaa mtoto. Ila betri ya aina hii inapenda kukaa imejaa. Ikimalizwa na kuachwa tupu mpaka umeme urudi usiku wa manane, salfeti huganda kwenye sahani za risasi na nafasi ya kushika chaji hupungua. Joto nalo ni adui: kila nyuzi kumi za Selsiasi zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Betri ambayo ingeishi miaka mitatu hadi mitano kwenye ofisi yenye kiyoyozi ilichoka mapema mno katika chumba cha bati cha Dar es Salaam mwezi Januari, huku ikimalizwa kabisa kila siku ya mgao.

Kulikuwa pia na shida ya umeme dhaifu. Jioni, mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, volti 230 zingeweza kushuka mno. UPS ya bei nafuu huhesabu hali hiyo kuwa umeme umekatika, ikaanza kula betri wakati taa bado zinawaka. Ndiyo maana watu walitanguliza stabilaiza, mpaka zilipoenea UPS zenye uwezo wa kurekebisha volti zenyewe bila kugusa betri. Na aliyewasha jenereta ndogo ya petroli alikutana na jambo la kushangaza: UPS ilikataa umeme wake, kwa kuwa mwendo wa injini haukuwa thabiti, ikaendelea kulia mpaka betri ikaisha, jenereta ikinguruma nje.

Zanzibar ndiko udogo wa kifaa hiki ulikoonekana wazi kuliko kwingine. Tangu 1980 Unguja ilipata umeme kutoka bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo ikapata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, na aliyetaka kufungua barua pepe alitafuta palipo na jenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013, lakini somo lilikuwa limeshaingia.

Tangu hapo nyumba zenye uwezo ziligeukia inveta na betri kubwa za Ah 100 au 200, nyingi zikichajiwa na jua, ile kazi ambayo waanzilishi wa APC waliiacha mwaka 1984. Kompyuta mpakato ikaja na betri yake tumboni. Leo kinachozimika kwanza ni ruta ya intaneti, na kwa wati zake kumi hivi inatosha UPS ndogo ya lithiamu inayoshikika mkononi. Anayenunua leo aanze na swali ambalo watu wa miaka ya tisini hawakuulizwa na muuzaji: kwako umeme hukatika kwa muda gani, na volti zake hushuka kiasi gani? Kwa dakika chache na kompyuta ya mezani, UPS yenye kurekebisha volti inatosha. Kwa saa nyingi, fedha ziende kwenye inveta na betri ya lithiamu fosfeti, ambayo inavumilia kumalizwa kuliko ile ya risasi.

Betri kuukuu zina habari yao, nayo ni chungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kupata risasi kiliwatia sumu watu wazima na watoto, na Phyllis Omido aliongoza mapambano yaliyomletea tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa hiyo betri ya UPS ikifa, usiitupe jalalani wala usimpe mtoto akauze kwa kilo. Irudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani, au ipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali.