Monaco: magari yalinenepa, barabara ikabaki ile ile

Niko na beshte hakosi mbio za langalanga hata wikendi moja, lakini zikifika Monaco analala sebuleni kabla ya raundi ya kumi. Simlaumu. Ila kabla hatujazizika hizi mbio, tuangalie zilikotoka.

Mbio za magari zilizaliwa barabarani. Mwaka wa 1903 madereva walitoka Paris kwenda Madrid kwa barabara za kawaida, watu wamejaa kando. Watu kadhaa walikufa, akiwemo dereva Marcel Renault, na serikali ikazisimamisha mbio Bordeaux. Njia salama zaidi ikawa kufunga barabara chache na kuzunguka hapo hapo.

Monaco ilianza hivyo mwaka wa 1929, William Grover-Williams akashinda na Bugatti. Raundi moja leo ni kilomita 3.337: kilima, hoteli, handaki, bandari. Utamu uko hapo. Kwingine ukikosea unatoka nje kidogo, unarudi. Monaco ukikosea, ukuta unakungoja. Mwaka wa 1955 Alberto Ascari alitumbukia baharini na gari lake, akaogelea akatoka. Na mwaka wa 1996, siku ya mvua, Olivier Panis alianza nambari 14 na bado akashinda!

Lakini ubaya unatoka hapo hapo. Mwaka wa 1967 Lorenzo Bandini aligonga karibu na bandari, gari likapinduka na kuwaka. Marobota ya nyasi kavu yaliyowekwa kama kinga yakachochea moto. Alifariki siku tatu baadaye.

Usalama umeboreka sana tangu hapo. Shida ya sasa ni kuovateki. Kufikia 2024 gari lilikuwa na upana wa mita 2 na urefu wa zaidi ya mita 5. Mwaka huo Charles Leclerc, kijana wa Monaco, alishinda nyumbani, lakini madereva 10 wa kwanza walimaliza vile vile walivyoanza. 2025 wakalazimishwa kubadilisha tairi mara mbili. Timu zingine zikamtuma dereva mmoja aende polepole makusudi ili mwenzake apate nafasi. Hiyo sasa ni mbio ama ni jam?

Mimi nasema Monaco ibaki. Jumamosi, wakitafuta nafasi za kuanzia, dereva akipita sentimita chache tu kutoka ukutani, hakuna sakiti ya kujengwa inayokupa hiyo presha. Cha kupunguza ni gari. Kanuni za 2026 zimeshusha upana hadi mita 1.9. Ni sentimita 10 tu, lakini angalau wameanza kukata mahali panapofaa.